Jinsi ya kuchagua mafuta ya kulainisha kerezo kuukuu la vyuma

MAFUNDI wengi wa vyuma humu nchini hujipatia riziki kwa mashine zilizoundwa kabla wao wenyewe hawajazaliwa. Ukizuru karakana za Kariobangi au Eneo la Viwandani jijini Nairobi, si ajabu kukutana na kerezo ambalo rangi yake imebanduka na vishikio vyake vimeng'aa kwa kushikwa miaka na mikaka, lakini bado linakereza mihimili ya pampu na bushi za magari kila siku.

Mashine ya aina hiyo haifi kwa uzee. Aghalabu hufa kwa kukosa mafuta au kwa kulishwa mafuta yasiyoifaa, na ikifika hapo mwenyewe hana pa kukimbilia. Kiwanda cha Myford, kwa mfano, ambacho makerezo yake madogo yalitumika kote katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, kilifungwa katika mji wake wa Beeston mwaka wa 2011 na jina lake kununuliwa na kampuni nyingine. Viwanda vingine vingi vya zama hizo vilitoweka kabla ya hapo. Bushi ya mashine kama hiyo ikiungua, fundi hulazimika kuiunda upya kwa mikono yake.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuhudia kerezo la miaka ya 1950 likiharibika kwa siku moja. Mwenye karakana, mtu mwenye bidii na aliyeithamini mashine yake, alikuwa na mabaki ya oili namba 90 ya gia za lori. Akawaza kwamba kwa vile mashine imezeeka, mafuta mazito yataikinga zaidi kuliko mepesi. Akaijaza katika vikopo vinavyolisha bushi za mhimili mkuu.

Asubuhi yote kazi ilienda vyema kwa sababu mashine ilizungushwa polepole. Alasiri akaongeza kasi ili alainishe mhimili wa pampu aliokuwa ameahidi kumkabidhi mteja jioni hiyo. Oili ile nzito haikuweza kupita kwenye utambi kwa wakati. Kichwa cha mashine kikapata moto hadi mkono haungeweza kukigusa, kisha mhimili ukakwama kwa mlio ambao aliyeusikia hausahau. Bushi zilipofunguliwa, madini meupe yaliyomo yalikuwa yamepakazwa mle ndani kama siagi. Ilichukua wiki kadhaa kumwaga madini mapya na kuyakwangua hadi mhimili ukae sawa, na mteja wa pampu alikuwa amekwisha kwenda kwingine.

Mafuta yanavyobeba chuma

Kosa la fundi yule lilitokana na imani iliyoenea sana, kwamba kazi ya mafuta ni kupaka chuma ili kisikwaruzane na kingine. Ukweli ni kwamba katika bushi nzuri, vyuma hivyo viwili havigusani kabisa wakati mashine inapozunguka.

Jambo hili lilidhihirika nchini Uingereza katika miaka ya 1880, wakati mhandisi Beauchamp Tower alipokuwa akichunguza beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke kikopo cha mafuta, akashangaa kuona mafuta yakipanda na kumwagika kupitia tundu hilo mashine ilipozungushwa. Aliliziba kwa kizibo, na kizibo kikasukumwa nje. Ndipo ilipofahamika kwamba mhimili unaozunguka huyavuta mafuta na kuyashindilia katika nafasi nyembamba iliyo chini yake, hadi yanapata shinikizo la kutosha kuuinua. Mwaka wa 1886, Osborne Reynolds alichapisha hesabu zinazoeleza jambo hilo, na hesabu hizo zingali zinatumiwa na wahandisi hadi leo.

Kutokana na ugunduzi huo, fundi anapaswa kuzingatia mambo matatu: kasi, mzigo, na nafasi iliyopo kati ya mhimili na bushi. Mhimili unaozunguka kwa kasi ndani ya nafasi finyu huhitaji mafuta mepesi, kwa maana mafuta mazito huzalisha joto kwa kusuguana yenyewe kwa yenyewe na huchelewa kuingia. Kinachoenda polepole chini ya mzigo mkubwa, kama vile kigari kinachobeba kisu juu ya reli za kitanda, huhitaji mafuta mazito ambayo hayakamuliwi kwa urahisi. Ndiyo sababu kerezo moja huhitaji aina mbili za mafuta au hata tatu, na anayetumia mkebe mmoja kwa mashine nzima anaumiza sehemu fulani.

Kusoma namba

Uzito ambao mafundi huuzungumzia huitwa mnato katika lugha ya wataalamu. Mafuta ya mashine za viwandani huuzwa kwa namba za ISO, na namba hiyo huonyesha mnato wa mafuta yakiwa na joto la nyuzi 40 za Selsiasi, kwa kipimo cha milimita mraba kwa sekunde. Namba ambazo mwenye kerezo atakutana nazo ni 22, 32, 46, 68, 100, 150 na 220. Kila moja huizidi iliyoitangulia kwa takriban nusu.

Tatizo ni kwamba vitabu vya mashine kuukuu viliandikwa kabla ya mfumo huo kuanza kutumika katika miaka ya 1970. Vile vya Marekani hutaja sekunde za Saybolt, yaani muda ambao mililita 60 za mafuta huchukua kupita katika tundu dogo kwa joto maalumu. Kampuni ya South Bend, iliyoanzishwa mwaka wa 1906 katika mji wenye jina hilo jimboni Indiana, iliagiza mafuta yake ya daraja A yawe ya sekunde 100 kwa joto la nyuzi 100 za Farenhaiti. Mafuta hayo ndiyo yaliyokusudiwa mhimili wa kerezo lake dogo la inchi tisa. Daraja B lilikuwa la sekunde 150 hadi 240, na C la 250 hadi 500.

Ukitaka kugeuza, sekunde 100 hukaribiana na ISO 22, sekunde 150 na ISO 32, 215 na ISO 46, nazo 315 ni kama ISO 68. Kwa hivyo mwenye South Bend ya inchi tisa anatafuta mafuta mepesi mno, karibu na yale ya cherehani, wala si yale anayodhania yanafaa chuma kikubwa kama kile. Mobil huuza mafuta ya ISO 22 kwa jina la Velocite No. 10.

Vitabu vya Uingereza navyo hupenda kutaja majina ya biashara, na hapa ndipo wengi hukwama kwa sababu majina hayo hubadilishwa mara kwa mara. Kwa Myford, mafuta yaliyopendekezwa kwa kichwa cha mashine kwa muda mrefu ni Esso Nuto H32, na kwa reli ni Esso Febis K68. Usihangaike kutafuta mkebe wenye maandishi hayo. Muhimu ni namba iliyo mwishoni pamoja na aina ya mafuta. Nuto ni mafuta ya haidroliki, na Febis ni mafuta maalumu ya reli za mashine. Mafuta yoyote ya haidroliki ya ISO 32 kutoka kwa kampuni inayoaminika, yawe Tellus ya Shell, Azolla ya TotalEnergies au DTE 24 ya Mobil, yatafanya kazi ile ile.

Hii ni habari njema kwa fundi wa Kenya. Mafuta ya haidroliki hupatikana karibu kila mji kwa sababu ya matrekta, matingatinga na winchi. Ni mafuta safi, yana kinga dhidi ya kutu na kuoza, na yana nyongeza ya kupunguza ulikaji ambayo haiidhuru shaba.

Ikumbukwe pia kwamba namba za mafuta ya injini, namba za mafuta ya gia na namba za ISO ni mizani tatu tofauti. Oili ya injini namba 30 hukaribiana na ISO 100. Oili ya gia namba 90 hukaribia ISO 220, wala haina unene mara tatu ya ile ya injini namba 30 kama namba zinavyomfanya mtu afikirie. Fundi tuliyemtaja hapo juu alimimina mafuta yenye mnato wa karibu mara saba ya ule uliohitajika.

Anza kwa kuijua bushi

Kabla ya kununua chochote, chunguza mhimili mkuu umekalishwa juu ya nini. Baadhi ya makerezo, kama Myford ML7 iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1946, yana bushi za madini meupe, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba nyekundu ambao asili yake ni hataza ya Mmarekani Isaac Babbitt ya mwaka wa 1839. Mengine yana bushi za shaba. Yapo pia ambayo mhimili wake, uliofanywa kuwa mgumu kwa moto, huzunguka moja kwa moja ndani ya chuma cha kalibu. Mengine, hasa makubwa na ya miaka ya karibuni, yana beringi za gololi au za vipande vya mviringo vya chuma.

Madini meupe ni laini kwa makusudi. Chenga ya chuma ikipenya, huzama ndani yake badala ya kuukwaruza mhimili. Lakini ulaini huo huo hufanya yasivumilie joto. Kwa bushi hizi, ISO 32 ndiyo chaguo la kwanza. Iwapo bushi imelika na mhimili unatikisika, jaribu kwanza kuikaza. ML7 ina vipande vyembamba chini ya vifuniko vya bushi, ambavyo hubanduliwa kimoja kimoja kama kurasa za kitabu hadi nafasi irudi kuwa sawa. Kuongeza mnato wa mafuta ili kuficha ulegevu ni kuahirisha kazi, ingawa kupanda daraja moja, kutoka 32 hadi 46, hakutaidhuru mashine iliyolika kidogo.

Mashine hiyo ya ML7 ina vikopo viwili vinavyodondosha mafuta juu ya bushi. Hufunguliwa kabla ya kuwasha mota na kufungwa baada ya kazi. Mafuta yanayotoka hayarudi. Huchuruzika na kupotea. Mwenye mashine mgeni hukasirishwa na uchafu huo na kupunguza matone. Asifanye hivyo. Mafuta yanayochuruzika ndiyo yanayoosha bushi na kuondoa chenga, na sinia ya mabati chini ya mashine ni rahisi kuliko bushi.

Kwingine mafuta hupandishwa na utambi wa sufu kutoka katika hodhi dogo lililo chini ya mhimili. Utambi huu ndio chujio na ndio pampu. Ukiwa umeganda kwa mafuta ya zamani, kikopo kinaweza kuonekana kimejaa ilhali bushi ina kiu. Hivyo basi, anayenunua kerezo kuukuu asitosheke na kuongeza mafuta. Autoe utambi, auoshe kwa mafuta ya taa, na akiona umekuwa mgumu kama kamba ya katani aubadilishe. Kipande cha sufu halisi kilichoshindiliwa kinafaa. Vitambaa vya nailoni havivuti mafuta ipasavyo.

Kwa kerezo lenye gia ndani ya kichwa kilichofungwa, kama yale ya Colchester yaliyosambaa katika vyuo vya ufundi vya nchi nyingi, hali ni tofauti. Gia na beringi huogelea katika mafuta yale yale, na kiwango huonekana katika kioo kidogo kilicho mbele. Hapo soma kibao cha mashine, maana kiwanda kilipima uwiano kati ya mahitaji ya gia na ya beringi. Aghalabu jibu huwa kati ya ISO 32 na 68. Usishawishike kutia oili ya gia za magari kwa sababu tu umeona gia. Gia za kerezo hazibebi mzigo unaofanana na ule wa difu ya lori.

Salfa na shaba

Oili nyingi za gia za magari zina kemikali za salfa na fosforasi. Meno ya gia yanapogandamizana kwa nguvu nyingi hadi mafuta yanakamuliwa, kemikali hizo huungana na chuma na kutengeneza utando unaozuia meno kushikana. Ni uvumbuzi wa maana sana, lakini salfa iliyo tayari kuungana na chuma iko tayari pia kuungana na shaba, hasa penye joto. Bushi ya shaba hubadilika rangi kuwa ya kahawia au nyeusi, kisha huanza kumomonyoka polepole.

Si kila oili ya gia ina hatari sawa. Zile za daraja la GL-5 zina kemikali nyingi zaidi kuliko GL-4, na watengenezaji wengi siku hizi huchagua salfa isiyo kali. Maabara hupima jambo hili kwa kutumbukiza ukanda wa shaba nyekundu katika mafuta moto kwa saa kadhaa na kuangalia rangi yake. Fundi anaweza kuiga jaribio hilo kwa njia ya kienyeji: akwangue kipande cha waya wa shaba hadi king'ae, akitumbukize katika mafuta anayoyashuku, ayapashe moto taratibu nje ya nyumba bila kuyachemsha wala kuyaweka karibu na ndimi za moto, kisha akitazame. Waya ukiwa mweusi, mafuta hayo yasikaribie bushi ya shaba.

Kuhusu oili ya injini, pana ubishi usiokwisha baina ya mafundi. Oili za kisasa za injini zina visafishi vinavyoshikilia uchafu uelee ndani ya mafuta hadi ukamatwe na chujio. Kerezo halina chujio. Katika kichwa kilichofungwa, uchafu ambao ungetulia chini ya hodhi huendelea kuzungushwa ukisaga beringi, na maji ya unyevu huchanganyika na mafuta badala ya kujitenga. Katika sehemu ambazo mafuta hupita mara moja na kupotea, hoja hiyo haina uzito mkubwa, na mtu aliye mbali na duka hatakuwa amekosea sana akitia oili nyepesi ya injini katika bushi ya kigari. Hata hivyo, kwa kuwa mafuta ya haidroliki hayana tatizo hilo kabisa, sioni sababu ya kutafuta kisingizio.

Mafuta ya kupikia ni marufuku. Yanateleza vizuri siku ya kwanza, lakini hewa huyageuza kuwa gundi ya manjano ambayo hata mafuta ya taa huiondoa kwa shida.

Reli za kitanda

Kitanda ndicho kinachoamua usahihi wa kerezo. Kikilika karibu na kichwa, ambako kazi nyingi hufanyika, mashine haiwezi tena kukereza kitu kilichonyooka, na kukisawazisha upya ni kazi ya gharama kubwa.

Hapa mafuta mepesi hayafai. Kigari kinaposogezwa polepole sana, mafuta hukamuliwa, chuma hugusa chuma, kigari hukwama, kisha huruka ghafla. Alama za mruko huo huonekana juu ya kazi kama mawimbi madogo. Mafuta maalumu ya reli, kama Vactra No. 2 ya Mobil yenye mnato wa ISO 68, huwa na kemikali za kupunguza kukwama huko na nyingine za kuyafanya yanate juu ya chuma yasioshwe. Kwa sababu ya kunata huko, mafuta hayo hayapaswi kutiwa mahali penye utambi.

Anayekosa mafuta ya reli anaweza kutumia ya haidroliki ya ISO 68 na kupaka mara nyingi zaidi. Wapo wanaotumia mafuta ya mnyororo wa msumeno wa injini, ambayo pia hunata. Si mabaya kwa dharura, lakini hukusanya vumbi.

Jambo linaloipita aina ya mafuta kwa umuhimu ni usafi. Futa reli kwanza, kisha upake mafuta. Anayepaka juu ya chenga za chuma anatengeneza msasa. Kadhalika, usipulize kwa kompresa, kwa kuwa upepo huzisukuma chenga chini ya kigari zisikoweza kutolewa. Tumia brashi na kitambaa. Vipangusio vya sufu vilivyo kwenye pembe za kigari navyo vitolewe na kuoshwa, maana katika mashine nyingi kuukuu vimegeuka kuwa hifadhi ya chenga.

Parafujo ndefu inayoendesha kigari wakati wa kukata hesi hupakwa mafuta yayo hayo ya reli. Gia za kubadilisha, zile zilizo wazi ubavuni, huhitaji kiasi kidogo tu cha mafuta mazito au grisi iliyosambazwa kwa brashi. Grisi nyingi hurushwa ukutani, na iliyobaki hunasa chenga.

Grisi isitiwe katika tundu lililokusudiwa mafuta. Makerezo kadhaa, Myford yakiwamo, yana chuchu za chuma zinazofanana na zile za grisi za magari, na fundi aliyezoea gari hukimbilia bomba la grisi. Chuchu hizo ni za mafuta. Grisi ikiingia huziba vijia, na kuanzia hapo hakuna kitakachopita. Grisi ya lithiamu namba 2 ina mahali pake katika beringi za gololi za mota, na hata humo isijazwe pomoni, kwani beringi iliyoshindiliwa grisi hupata moto.

Sehemu moja ambayo vitabu vya zamani huipotosha ni ncha tuli ya mkia, ile inayoshikilia mwisho wa kazi bila kuzunguka. Vitabu hivyo huagiza ipakwe risasi nyeupe iliyochanganywa na mafuta. Ilifanya kazi vizuri ajabu, lakini ni sumu inayojikusanya mwilini. Grisi yenye molibdenamu inatosha leo, au nunua ncha inayozunguka.

Nairobi na Mombasa

Namba ya ISO hupimwa kwa nyuzi 40, lakini karakana haina joto hilo asubuhi. Mafuta ya ISO 32 yakiwa na joto la nyuzi 20 huwa mazito zaidi ya mara mbili ya namba yake. Kwa hiyo fundi wa Nairobi, Nyahururu au Eldoret anayefungua karakana katika baridi ya Julai anapaswa kuiacha mashine izunguke polepole bila mzigo kwa dakika chache kabla ya kuongeza kasi. Mwenye bushi za madini meupe katika maeneo hayo asizidi ISO 32 bila sababu.

Pwani, ambako joto hukaribia nyuzi 30 mchana, ISO 46 inaweza kuvumilika katika bushi iliyolika kidogo. Lakini adui mkuu wa kerezo la Mombasa au Malindi ni hewa yenye chumvi. Reli zilizoachwa wazi wikendi moja zinaweza kukutwa Jumatatu zimepata madoa ya kutu. Zipakwe mafuta ya reli kila jioni, na kitanda kifunikwe kwa kitambaa cha pamba kilicholowa mafuta. Karatasi ya nailoni hunasa unyevu chini yake.

Hali huwa mbaya zaidi palipo na mafuta meupe ya kukatia yanayochanganywa na maji. Haya si ya kulainisha mashine bali ya kupoza kisu, na huosha mafuta ya reli popote yanapofika. Katika kerezo dogo lisilo na pampu ni afadhali kukata kwa mafuta halisi ya kukatia yanayopakwa kwa brashi. Chuma cha kalibu na shaba ya njano hukatwa vikavu, nayo alumini hukubali mafuta ya taa. Mafuta ya kukatia yenye salfa kali yasiachwe juu ya bushi za shaba usiku kucha.

Oili chafu

Pana tabia ya kumwagia mashine oili iliyotolewa katika injini za magari, kwa kuwa hupatikana bure au kwa bei ya kutupa. Mafuta hayo yana masizi, asidi na chembe za chuma, na hayo pekee yangetosha kuyakataa.

Sababu nzito zaidi ni afya. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, wafanyakazi wa mashine za kusokota nyuzi walipatwa na saratani ya ngozi ya korodani kwa sababu nguo zao zililowa mafuta ya madini yasiyosafishwa vyema kwa miaka mingi. Mwaka wa 1953, serikali ya nchi hiyo iliweka kanuni za kubana aina za mafuta zilizoruhusiwa katika mashine hizo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeyaorodhesha mafuta ya madini yasiyosafishwa au yaliyosafishwa kidogo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Oili iliyopikwa ndani ya injini huongezeka kemikali za aina hiyo hiyo, na fundi wa kerezo hulowa mikono na mapaja siku nzima.

Mafuta mapya yaliyosafishwa hayana hatari kubwa hivyo, lakini osha mikono kwa sabuni badala ya petroli, na usitie kitambaa chenye mafuta mfukoni mwa suruali.

Unaponunua, chunguza kifuniko na alama ya ubora ya KEBS, na uyakatae mafuta yanayopimwa kutoka kwa pipa lisilo na maandishi. Kerezo dogo linalofanya kazi kila siku litahitaji lita chache za ISO 32 na lita moja au mbili za mafuta ya reli kwa miezi mingi. Yaweke katika vikopo viwili vyenye mdomo mrefu, kimoja upake rangi nyekundu na kingine buluu, kisha tia doa la rangi hiyo hiyo kando ya kila tundu la mafuta kwenye mashine, ili hata kijana aliyeanza kazi jana asikosee.